Kwangu mbona inafanya kazi?

Najua nimepotea kitambo, na wengine mmeshaanza kuuliza kama fildi imenimeza. Haijanimeza. Nimerudi kampasi salama salimini, chumba ni kilekile, foleni ya kantini ni ileile, na mwenzangu wa chumbani bado anakoroma kama trekta. Leo naomba niwasimulie kisa kilichonipata huko, maana nisipokiandika kitanisumbua. Kinahusu kuunganisha hifadhidata kwa ODBC. Ninyi wa sheria na sosholojia msikimbie, nitakwenda taratibu, na kisa chenyewe wala si cha kompyuta tupu.

Kwanza niungame. Somo la hifadhidata nilipata A, na mnajua nilivyotamba nayo. Kuchora majedwali naweza, kuandika maswali ya SQL naweza, wengine hapa mmedesa kwangu. Lakini katika mihula yote hiyo sikuwahi kuunganisha programu na hifadhidata iliyoko kwenye kompyuta nyingine, halafu ikatumiwa na mtu ambaye si mimi. Kwenye zoezi la darasani kila kitu kinakaa kwenye laptop moja, mtengenezaji wewe, mtumiaji wewe, msahihishaji anaangalia dakika tano anaondoka. Huko nje mambo ni mengine kabisa.

Basi bwana, mwezi wa saba nikapangiwa fildi kwenye SACCOS moja pale Morogoro, ya wafanyabiashara wa sokoni. Jina nalihifadhi. Ofisi ni vyumba viwili, madirisha mawili ya kuhudumia wanachama, kompyuta tatu na feni moja inayolalamika. Mwenye ofisi hasa si mwenyekiti, ni mhasibu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, ambaye kila mtu anamwita Mama Mhasibu. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umekuja kufundishwa au kufundisha?" Nikacheka tu. Sikujua kwamba ni swali la mtihani.

Kazi niliyokuta ilikuwa hii. Akiba na mikopo yote ya wanachama ilikuwa kwenye faili moja la Microsoft Access, limewekwa kwenye folda ya kushirikiana. Madirisha yote mawili yanafungua faili hilohilo kwa wakati mmoja. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaharibika, na asubuhi nzima inaishia kulitengeneza. Kwa hiyo Mama Mhasibu alikuwa anaandika mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye leja kubwa ya karatasi, maana kompyuta hakuiamini.

Mimi nikaja na dawa. Data zote tuzihamishie kwenye MySQL kwenye kompyuta ya chumba cha ndani, hiyo ndiyo iwe seva. Fomu za Access zibaki zilezile, kwa sababu wahudumu wameshazizoea na sikutaka kumfundisha Mama Mhasibu kitu kipya kuanzia sifuri. Fomu ziwe mbele, data ziwe nyuma, na kinachoziunganisha ni ODBC.

Hapo nisimame kidogo kwa wale wasioijua. ODBC ilitolewa na Microsoft mwaka 1992, ikitokana na kazi ya muungano wa makampuni ulioitwa SQL Access Group. Shida iliyokuwepo ni kwamba kila hifadhidata ilikuwa na namna yake ya kuzungumzwa nayo. Programu moja ikitaka kusoma hifadhidata tano, mtu anaandika maunganisho matano. Wakakubaliana kuwe na namna moja tu ya kuuliza, na kila mwenye hifadhidata atengeneze kipande kinachotafsiri maswali hayo kwenda kwenye lugha ya nyumbani kwake. Kipande hicho ndicho kinaitwa dereva. Kati ya programu na madereva kuna meneja, yeye kazi yake ni kusikiliza unamtaka nani na kumwita dereva anayehusika.

Sasa programu yenyewe haitaji habari zote hizo kila mara. Inataja jina moja tu, linaitwa DSN, yaani jina la chanzo cha data. Nyuma ya jina hilo yameandikwa maelezo: dereva ni yupi, seva iko anuani gani, mlango namba ngapi (MySQL kwa kawaida ni 3306), hifadhidata inaitwaje. Ni kama unavyosevu namba kwenye simu. Ukitaka kumpigia fundi bomba hukumbuki tarakimu zote kumi, unatafuta "Fundi Bomba" unabonyeza. Shikeni mfano huo wa simu, mtauhitaji mbele.

Nilipomweleza Mama Mhasibu kwamba lazima tuweke dereva kwenye kila kompyuta, alinitazama juu ya miwani. "Dereva? Na huyo tunamlipa sisi?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo kila kitu kikigoma utasikia, "Dereva wako kalewa?"

Na kweli alianza kwa kugoma. Nilipakua dereva wa MySQL wa biti 64, maana Windows ya pale ilikuwa ya biti 64, nikaona ndiyo akili. Nikafungua kidirisha cha kusimamia ODBC, nikaandika anuani, jina, nywila, nikabonyeza kitufe cha kujaribu. Imefanikiwa! Nikaenda kwenye Access kuunganisha majedwali, ikanitolea ujumbe kwamba usanifu wa dereva na wa programu haviendani. Nikarudi kujaribu, imefanikiwa. Access, haviendani. Duh! Siku tatu, wadau. Nilizima antivirusi, nikafuta na kuweka upya, nikailaumu hadi swichi ya mtandao.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye ule ujumbe tangu dakika ya kwanza, mimi nikawa nausoma kama tangazo la kifo cha mtu nisiyemjua. Office ya pale ni ya mwaka 2010, ya biti 32. Programu ya biti 32 haiwezi kumpakia dereva wa biti 64, hata kama Windows yenyewe ni ya 64. Kinachoangaliwa ni programu inayouliza, Windows haihusiki. Na kile kitufe cha kujaribu kilikuwa kinasema kweli, ila kilijaribu kwa niaba ya kidirisha chenyewe cha biti 64, siyo kwa niaba ya Access. Kwenye Windows ya biti 64 vidirisha vya ODBC viko viwili, na majina yao yatakutoa machozi: cha biti 64 kinakaa kwenye folda inayoitwa System32, na cha biti 32 kinakaa kwenye SysWOW64. Msiniulize kwa nini, mkikumbuka kwamba ni kinyume inatosha.

Nikaweka dereva wa biti 32, nikatengeneza DSN upya kwenye kidirisha cha biti 32, Access ikakubali. Kulikuwa na mambo madogo madogo pia. Jedwali moja lilikuwa halina ufunguo wa msingi, basi Access ikaliunganisha kama la kusoma tu, huandiki kitu. MySQL nayo ilikataa kompyuta za madirishani mpaka nilipoiruhusu akaunti ya hifadhidata kuingia kutoka anuani zile. Lakini yote yakapita. Wiki mbili tukafanya majaribio, mimi nimekaa hapohapo. Umeme ukakatika mara mbili, data zikabaki nzima. Mwenyekiti akafurahi. Mimi nikamwambia Mama Mhasibu kwa kujiamini kabisa, "Mama, leja sasa tuiweke kabatini, unajichosha bure." Alisita. Akaifunga, akaiweka kabatini, akafunga na ufunguo.

Ijumaa ya mwisho nikakumbuka usalama. Wakati wa majaribio kompyuta zote za madirishani zilikuwa zinafunguliwa kwa akaunti yangu ya Windows. Si vizuri. Jioni ile nikamfungulia kila mhudumu akaunti yake na nywila yake, nikaweka faili la fomu mahali ambapo wote wanaliona, nikazima mashine, nikapiga picha na wafanyakazi. Kwenye kitabu cha kumbukumbu za fildi nikaandika kwa wino wa buluu: "Mfumo umekamilika asilimia 100." Msimamizi akasaini. Jumamosi nikapanda basi.

Jumatatu saa nne asubuhi simu inaita. Mama Mhasibu. Hana salamu ndefu siku hiyo. "Mwanangu, inakataa. Inasema muunganisho wa ODBC umeshindikana." Nikamwambia azime awashe. Inakataa. Dirisha la pili? Inakataa. Mimi bila aibu nikatoa ile sentensi yetu watu wa kompyuta: "Lakini mama, kwangu mbona ilikuwa inafanya kazi?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia kuna mwanachama amekaa hapo kwenye benchi tangu saa mbili, muuza nyanya. Mtoto wake amechaguliwa kidato cha 5, shule iko mbali, basi ni kesho alfajiri. Anataka mkopo wa dharura wa laki tatu: godoro, tranka, sare, nauli. Kanuni yao ni kwamba huwezi kupewa mkopo wa dharura kama una deni la zamani. Yule mama deni lake la mwisho alilimaliza wiki iliyopita. Na wiki iliyopita, wadau, leja ilikuwa kabatini kwa amri yangu. Kwenye karatasi bado anaonekana anadaiwa.

Jasho lilinitoka. Nikatafuta njia ya mkato. Nikamwambia, "Mama, tufanye hivi, ingia kwa akaunti yangu, nakutajia nywila, itafunguka." Nilikuwa na uhakika itafunguka.

Akakataa. Hakufoka, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nikiingia kwa jina lako nikatoa hela za watu, aliyetoa ni nani? Mkaguzi akija atamkuta nani? Hapana mwanangu. Nitengenezee njia ya kuingia kwa jina langu."

Kwa jina langu. Hapo ndipo kichwa kilipofunguka. DSN ziko za aina zaidi ya moja. Ile ya mtumiaji ni kama namba uliyoisevu kwenye simu yako mwenyewe: mwingine akishika simu yake, "Fundi Bomba" hayumo. Ile ya mfumo ni kama namba iliyoandikwa ukutani ofisini: yeyote anayeingia anaiona. Mimi nilitengeneza ya mtumiaji, kwa sababu ndiyo ukurasa wa kwanza unaofunguka, na niliitengeneza nikiwa kwenye akaunti yangu. Wiki mbili nzima kilichokuwa kinafanya kazi ni mimi. Nilipoondoa jina langu kwenye mashine, niliondoka na namba ya simu.

DSN ya mfumo inadai haki za msimamizi wa mashine, ambazo Mama Mhasibu hana. Lakini ya mtumiaji anaweza kujitengenezea mwenyewe, kwa jina lake, bila kumwomba mtu. Nikamwambia, "Mama, tutaitengeneza wewe na mimi, sasa hivi." Akasema, "Haya, ngoja nivae miwani vizuri."

Nikakimbia kununua vocha. Tukaanza. Andika ODBC pale pa kutafutia. Akaniambia zimekuja mbili. Kabla sijasema ipi, alishafungua ya juu. Sikujua. Akaandika kila kitu nilichomtajia, herufi kwa herufi: jina la chanzo liwe lilelile ambalo majedwali yanalitafuta, maana likikosewa herufi moja ni mtu mwingine, anuani ya seva, 3306, jina la hifadhidata. Jina na nywila ya dirisha anazo mwenyewe kwenye bahasha, alizitoa akaandika, hakunitajia na sikuuliza. Bonyeza kitufe cha kujaribu. "Imefanikiwa!" Nikasikia ofisi nzima inapiga makofi.

Fungua fomu. Kimya. "Mwanangu, imekataa, ila safari hii maneno ni mengine. Kuna neno refu hapa, linaanza a-r-c-h-i..."

Wadau, niliruka kitandani. Lile neno lilinitesa siku tatu, sasa limenichukua sekunde tatu. Amefungua kidirisha cha biti 64, na kule bado yumo dereva wangu wa kwanza, ambaye nilipoona hafai sikumwondoa. Nikamwambia rudi kulekule, futa ile uliyoweka, funga, fungua ile nyingine yenye 32. Akarudia yote. Mara ya pili alikuwa ananitajia yeye. Jaribu, imefanikiwa. Fomu, nikasikia kibodi inalia, nikasikia anavuta pumzi. "Salio la deni, sifuri," akasema, na nikajua hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anamwambia yule mama kwenye benchi.

Ilikuwa saa nane kasoro. Vocha mbili zimeisha. Jioni akanitumia ujumbe kwamba hela imetolewa na tranka limenunuliwa. Hakusema pole wala asante, alimalizia hivi: "Leja nimeitoa kabatini."

Jumatano nikapanda basi kurudi Morogoro kwa hela yangu, na bumu lenyewe mnajua limekaaje. Nikaondoa dereva wa biti 64 kwenye kompyuta za madirishani. Nikatengeneza DSN ya mfumo, ya biti 32, kwa jina lilelile, na zile za watumiaji nikazifuta, maana likiwepo jina la mtumiaji linatangulia kuonekana kabla ya la mfumo, na siku seva ikibadilishwa anuani kila mtu angekuwa anapiga namba yake. Halafu nikatoka kwenye akaunti yangu kabisa. Nikasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, nikaomba kila mhudumu aingie kwa jina lake, afungue fomu, aandike, afute. Nilikaa hapo hadi kila mmoja alipofanya mara mbili.

Lakini kulikuwa na deni jingine. Fomu zile zinaandika jina la akaunti ya Windows pembeni ya kila muamala. Nilipochapisha miamala ya wiki mbili za majaribio, ukurasa baada ya ukurasa, kila akiba iliyowekwa, kila rejesho, aliyepokea ni mimi. Mimi ambaye sikupokea hata shilingi mia. Mama Mhasibu hakusema neno. Alileta mafungu ya stakabadhi zenye saini, akavuta kiti, tukakaa siku mbili tunalinganisha mstari kwa mstari nani alipokea nini. Yote yalilingana. Tukaandika maelezo, mwenyekiti akasaini, yakawekwa kwenye jalada. Ndipo akanikumbusha lile swali lake la siku ya kwanza, akacheka peke yake.

Kwa hiyo wenzangu mnaokwenda fildi mwakani, haya ndiyo niliyorudi nayo. Kabla ya kupakua dereva, angalia programu itakayomtumia ni ya biti ngapi, kwenye Access ya 2010 imeandikwa ndani ya menyu ya Faili, sehemu ya Msaada. Dereva uliyemkosea mwondoe, usimwache nyuma amsubiri mwingine. Kama kompyuta inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, weka DSN ya mfumo. Hata kwenye Linux hadithi ni hiyohiyo, ukiandika kwenye .odbc.ini ya folda yako ni yako peke yako, ukitaka wote waione inakwenda kwenye odbc.ini ya mfumo. Kitufe cha kujaribu kikisema imefanikiwa, bado hujajaribu. Umejaribu pale mtu mwingine anapoingia kwa jina lake na wewe hujagusa kitu.

Na msimwambie mtu afunge leja yake mpaka mmeondoka pale na mambo yanakwenda bila ninyi.

Kitabu changu cha kumbukumbu bado kimeandikwa asilimia 100 na saini ya msimamizi iko chini yake. Kufuta siwezi. Kwenye ripoti nimeweka ukurasa mmoja unaoeleza Jumatatu ile ilivyokuwa, saa nne hadi saa nane. Mwenzangu wa chumbani anasema nimejichongea, watanikata maksi. Inawezekana. Ila yule mama wa nyanya nilimpitia sokoni siku naondoka, akanipa nyanya mfuko mzima, hakujua kwamba aliyemkalisha kwenye benchi nusu siku ni mimi. Nilizipokea nikashindwa kumwambia. Hilo sikuliweka kwenye ripoti, naliandika hapa.

Ni hayo tu kwa leo. Nyanya tulizipika, mwenzangu kala nyingi kuliko mimi. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.